Mapazia Meusi ya Basi la Tajudin

Kama uliishi Kampala miaka ile na ulikuwa na mke, dada au shangazi anayevaa buibui, basi kitambaa chake kilitoka dukani kwa Tajudin bin Sefu pale Wandegeya, usibishe. Babu yake alikuja Buganda kwa miguu kutoka pwani, mizigo ya kaniki ikiwa vichwani mwa watu wengine. Akauza, akafundisha watoto wa jirani Kurani, akaoa, akasahau kurudi. Baba yake akarithi duka. Tajudin akarithi duka, kofia ya kitali, na tabia ya ukoo mzima ya kuzungumza Kiswahili ndani na Kiganda nje. Kiswahili kilikuwa lugha ya chai na ya kitandani, ya kubembeleza mtoto na kugombana na mke. Akifika mlangoni alikivua pamoja na ndara, akavaa viatu na Kiganda, na mtaa mzima ukamwita Muzeeyi Taju.

Mkewe, Sabah, alianguka bafuni mwaka uleule Wahindi walipofukuzwa, akavunjika nyonga. Hospitali ilimrudisha nyumbani na mguu uliokataa kukunjika. Kulala aliweza, kusimama aliweza akishikwa, lakini kukaa kitako ndiko kulikomshinda kabisa. Na mwaka huohuo mtoto wao wa pekee, Farouk, alivuka mpaka wa Malaba na mkoba mmoja begani baada ya rafiki zake kutoweka, akaenda Mombasa, akapata kazi bandarini, akaoa. Kurudi hakuthubutu. Sasa alikuwa na binti aliyeanza kutembea, na bibi yake hajamgusa hata kidole.

Sabah hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kusema jambo moja kila siku, kwa sauti ileile, hadi ukuta wenyewe uchoke.

"Baba Farouk," alisema kila akimpokea kikombe cha chai, "nitakufa sijamwona mjukuu wangu."

Garimoshi lilikuwepo, na ndani yake vitanda. Lakini ili akifikie hicho kitanda ilimpasa abebwe na wapagazi mbele ya halaiki ya watu wa stesheni, na Sabah, ambaye tangu avunje ungo hakuna mwanamume wa nje aliyeona hata kiwiko chake, alisema heri afie Wandegeya kwa heshima zake. Basi la abiria ndilo usiseme. Hivyo mwaka wa sabini na tano Tajudin, mtu mzima mwenye mvi na akili timamu, alipigwa na wazo ambalo lilimfanya ainuke katikati ya swala ya sunna na kusahau rakaa. Kama mke wake hawezi kwenda safari kutoka nyumbani, basi nyumba yenyewe itakwenda safari.

Basi alilipata kwenye shamba la chai njia ya Mityana. Zamani lilibeba wachumaji, na sasa lilibeba kuku waliotaga kwenye viti vya nyuma. Wenye shamba walikwisha kuondoka, na msimamizi aliyebaki alikuwa akiuza kila chenye magurudumu. Lilikuwa kubwa, refu, na lilipowashwa lilikohoa mara kadhaa kabla ya kunguruma, kama mzee anayetaka kuanza hotuba. Ujanani Tajudin aliwahi kuendesha lori la vitambaa hadi Toro, kwa hiyo usukani haukumtisha. Bei hatutaizungumza, maana hata Sabah hakuambiwa.

Akalipeleka Kansanga, nyuma ya baa moja kwenye barabara ya Ggaba, kwa seremala Mkongo aliyeitwa Barnabé Mugisho. Barnabé alikimbia vita vya Bukavu akiwa na randa, msumeno na mkewe Perpétue, na alipenda kusema kwamba katika vitu hivyo vitatu ni msumeno tu usiomjibu. Alilizunguka basi, akaligonga mbavu, akaingia, akafukuza kuku wa mwisho.

"Baba, iyi haiko gari tena," alisema. "Iyi ni nyumba. Sasa lete mama, nipime miguu yake."

Tajudin aliduwaa. "Umpime nani?"

"Mama. Kitanda nitakipima na nini? Na miguu yangu?"

Mtu na mke wake! Tajudin alirudi Wandegeya akiwa amenuna, akamweleza Sabah kama anayeshtaki, na Sabah akacheka hadi mguu ukamuuma. Kisha akaomba kamba. Akaifunga fundo kisiginoni, fundo gotini, fundo nyongani, fundo begani, na fundo la mwisho mahali mkono wake unapofika akiwa amelala chali. Barnabé akapelekewa kamba hiyo, na kwa kamba hiyo akalijenga basi zima bila kumwona mwenye miguu.

Na alijenga, jamani. Viti vyote viling'olewa isipokuwa cha dereva na kimoja kando yake. Kitanda cha mvule kiliwekwa kwa urefu ambao Sabah angeegemea tu na kujilaza bila kukunja mguu. Ukutani kulikuwa na mbao za kushikilia, kila moja mahali pa fundo lake. Kulikuwa na jiko la mafuta ya taa lililofungwa kwa skrubu, vikombe vyenye vijumba vyao visigongane, pipa la maji juu ya paa lenye bomba linaloshuka ndani, na kiti cha choo chenye ndoo na kifuniko. Nyuma ulifunguliwa mlango mpana ili Sabah aingizwe akiwa amelazwa kwenye ubao, na kwa kuwa anayemwingiza lazima atoke na kufunga, komeo la chuma likawekwa kwa nje. Chini ya kitanda likakaa sanduku refu la nguo na blanketi. Huko alikotoka Barnabé kila kitu huota ukungu, hivyo sanduku akalitoboa matundu ya hewa pembeni, safu nzuri iliyonyooka.

"Nguo nayo inapumuaka," alieleza.

Jina la shamba lililoandikwa ubavuni lilifutwa kwa rangi ya kijivu, kwa sababu miaka ile ukienda kununua rangi hukuchagua, ulishukuru. Yakabaki madirisha. Madirisha ya basi ni mengi, na hapo Tajudin hakuhitaji ushauri wa mtu. Mke wake angelala humo, angeoga humo, angevua buibui na kuvaa kanga humo, katikati ya barabara na masoko ya watu. Sitara ni sitara. Dukani kulikuwa na jora za kitambaa cha buibui, cheusi, kizito, kisichopenya jicho wala jua. Perpétue alishona mapazia siku kadhaa, na kwa kuwa hakujua kushona kitu bila pambo, kila pindo alilipiga mshono wa mawimbi kwa uzi wa zambarau. Madirisha yote yakafunikwa, la kwanza hadi la mwisho.

Nitauliza, na wewe msomaji jiulize: hivi hakuna hata mmoja aliyeona? Gari kubwa, la kijivu, lisilo na jina, mapazia meusi, komeo nje, sanduku refu lenye matundu ya hewa, Kampala, mwaka wa sabini na tano. Tajudin aliona nyumba ya mkewe. Barnabé aliona kazi ya mikono yake. Mapenzi yana upofu wake, na ufundi nao una wake.

Siku ya kulijaribu, Tajudin alivaa kanzu safi, akamketisha Barnabé kando yake, wakatoka Kansanga asubuhi. Penye kizuizi cha kwanza cha wanajeshi alianza kutafuta vitambulisho mfukoni, kama kawaida ya kila raia. Askari aliliona basi likija. Akainua mti wa kizuizi haraka, akasimama wima, akapiga saluti. Tajudin akagusa kofia yake kwa adabu na kupita.

"Umeona?" alimwambia Barnabé kwa furaha. "Siku hizi wanaheshimu wazee."

Barnabé aligeuka kutazama nyuma. Yeye alikuwa amemtazama yule askari machoni.

Walipita mjini, wakapanda Wandegeya, wakateremka hadi Kalerwe, sokoni, kwani Tajudin alitaka kununua ndizi za kupeleka nyumbani kwa furaha ya siku hiyo. Kalerwe ni mahali ambapo hata ukianguka kifudifudi utaangukia mtu. Asubuhi ile, basi lilipokohoa na kusimama kando ya vibanda, wanawake walitazama, na kelele zikakatika. Kisha wakainuka. Nyanya zilimwagika. Mtu alikanyaga vitunguu vyake mwenyewe. Mama mmoja alimtupa mtoto mgongoni na kukimbia bila kumfunga mbeleko. Kufumba na kufumbua soko lilikuwa tupu upande ule, na kuku waliofungwa miguu ndio waliobaki, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya.

Tajudin alipigwa na bumbuwazi. Akatazama kwenye kioo cha pembeni kuona ni balaa gani linakuja nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na barabara tupu.

Aliteremka. Kumbe muuza ndizi mmoja alikuwa amebaki, mwanamke aliyemfahamu miaka mingi, aliyezoea kumtania kwa Kiganda kwamba wazee wa Kiislamu wanapunguza bei kama wanavyopunguza ndevu. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mikungu yake. Tajudin akamsalimu kwa Kiganda kama siku zote. Mwanamke akajibu kwa Kiswahili.

"Afande, chukua. Chukua yote. Ni bule."

"Mama, ni mimi. Taju. Wa Wandegeya."

"Ndiyo, afande. Hakuna shida, afande."

Kampala ile kila mtu alijua lini Kiswahili kinasemwa. Kilisemwa kwenye kizuizi, kituoni, na pale mlango unapogongwa kwa kitako cha bunduki. Lugha aliyotongozea mkewe, aliyomwimbia Farouk usingizini, ilikuwa sasa inapigiwa magoti mbele yake kwa hofu ya kifo. Aliacha ndizi. Alirudi garini, akakaa mbele ya usukani bila kuugusa.

"Barnabé," alisema, "wanadhani mimi ni nani?"

Barnabé alikuwa akiyatazama mapazia. "Baba," alisema polepole, "tumetengeneza gari ya kubebea watu. Ile ya kubeba wenye hawarudiake."

Nyumbani aliliegesha uani na kulifunika turubai, lakini habari ilikwisha kumtangulia. Jirani yake Dawudi, kinyozi, aliyemnyoa tangu nywele zikiwa nyeusi, alimwona akija na akaingia ndani ya kibanda chake akijifanya kutafuta wembe. Dukani hakuingia mteja. Wanafunzi waliokuwa wakikata njia mbele ya baraza lake wakahamia upande wa pili wa barabara. Watu walimwamkia, tena kwa heshima mno, na wote kwa Kiswahili kibovu cha woga. Tajudin alitamani mtu mmoja tu amtukane kwa Kiganda.

Dawudi alikuja siku ya tatu, na alikuja kwa kuwa hakuweza kuvumilia zaidi. Tajudin alimvuta uani, akamfungulia turubai na mlango, akamwonyesha vikombe, jiko, kitanda, choo cha ndoo. Dawudi alitazama, akakaa chini palepale akashika kichwa.

"Muzeeyi, kumbe ni ya Mama Farouk!" Kisha akafikiri, na alipoinua uso alikuwa na wazo. "Sasa sikiliza. Hii mapazia usitoe. Askari napiga saluti, sivyo? Mpaka Malaba utapita kama upepo. Nani atasimamisha gari kama hii? Ukitoa mapazia, wewe ni mzee mwenye gari mzuri. Na mzee mwenye gari mzuri, wanachukua gari, labda na mzee pia."

Dawudi alisema kweli. Tajudin aliona aibu kwa jinsi alivyofarijika. Watamwogopa, sawa, lakini Sabah atafika Mombasa, atamshika mjukuu wake mkono, na Kalerwe watasahau. Akapanga waondoke Jumamosi.

Ijumaa, baada ya swala, mwanamke alibisha hodi. Hakuwa mtu wa mtaani. Alikuwa amevaa gomesi, gauni refu la akina mama wa Buganda, lililofuliwa likapauka, kwapani ana kuku, mkononi ana kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alipiga magoti kizingitini kabla Tajudin hajasema karibu.

"Jina langu Mbambu, afande. Nauza mihogo Kalerwe. Niliona gari." Alisogeza kuku mbele. "Mimi sisemi vibaya. Serikali inajua kazi yake. Kijana wangu ni Faustino, alikuwa anafanya kazi kwa duka ya kuchapisha, hapa tu Wandegeya. Walimchukua na gari kama yako. Mapazia nyeusi. Sitaki kusumbua. Nilileta tu shati." Akafungua gazeti. Lilikuwa shati jeupe, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri kola ikiwa juu. "Ile alivaa ilikuwa na wino. Sasa itakuwa imechafuka sana. Kama iko hai, mpe hii. Kama haiko, pia mpe hii."

Tajudin alisimama pale na kanzu yake ya Ijumaa, kuku akimpapatikia miguuni, na hakujua aweke wapi mikono. Hajawahi kumpiga mtu maishani. Hajawahi hata kumfukuza mdaiwa.

"Baba Farouk," sauti ya Sabah ilitoka chumbani. Alikuwa amesikia yote. "Mlete mama huyu ndani. Kisha mpeleke garini aangalie mwenyewe, na mimi mnipeleke."

Walimpeleka, Tajudin upande mmoja na Mbambu upande wa pili, kwa kuwa Mbambu alipomwona mwanamke mgonjwa aliinuka magotini na kumshika bila kuambiwa. Ndani ya basi mlikuwa giza. Sabah akalazwa kitandani pake kwa mara ya kwanza, na kila ubao ukawa pale mkono wake ulipoutaka, na hakuna aliyefurahi. Mbambu alitazama vikombe. Alitazama jiko. Kisha akaliona sanduku, na matundu yake.

"Naweza kufungua?"

"Fungua, mama," alisema Sabah.

Alifungua kifuniko. Mlikuwa na blanketi mbili na mto. Aliziinua, akaingiza mkono hadi mwisho, akapapasa ubao kila pembe. Kisha akainama, akaweka mdomo karibu na matundu, akaita kwa sauti ndogo, kama anayemwamsha mtu aende kazini.

"Faustino. Ni mama."

Sabah aligeuza uso ukutani. Tajudin alitoka nje akasimama uani akilia waziwazi, na Dawudi, aliyekuwa akichungulia kwenye ua, hakujificha safari hii.

Mbambu aliporudisha kifuniko alikuwa ameelewa. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyestahili kuombwa. Alimwachia Sabah lile shati. "Nyinyi mnaenda mbali," alisema. "Mtapita watu wengi. Kaa nayo." Kuku naye akamwacha, wakamla baadaye bila hamu.

Alipoondoka, Sabah alisema, "Yateremshe mapazia."

"Bi Sabah, una akili wewe? Mapazia ndiyo yatakayotufikisha."

"Najua."

"Utakuwa umelala hapo, madirisha wazi, kila mwenye macho akuone! Wewe uliyekataa wapagazi wa stesheni?"

"Na waone," alisema, ingawa lilimuuma kuliko nyonga. "Waone ni kikongwe na godoro lake. Siwezi kwenda kumshika mwana wa mwanangu kwa gari linalowakimbiza mama za watu. Nitamshika kwa mikono gani, Baba Farouk? Nina mwana mimi. Yateremshe."

Tajudin alibisha, akasihi, akakasirika, akaenda kuswali, akarudi. Kisha akayateremsha moja moja. Kitambaa cha thamani vile hakitupwi, kwa hiyo alikikunja vizuri, akakilaza ndani ya sanduku la chini ya kitanda.

Jumamosi waliondoka madirisha yakiwa wazi. Sabah alilala kitandani, buibui hadi shingoni, uso mtupu, macho ameyafumba kwa haya, na shati jeupe la Faustino ameliweka kifuani. Tajudin alipitia Kalerwe kwa makusudi, ingawa haikuwa njia yake. Watu walianza kuinuka, kisha wakaona. Wakasogea. Wakachungulia ndani, watoto wakiinuliwa mabegani, na Mbambu akawa anawaeleza kwa sauti. Muuza ndizi alikuja na mkungu, akaupachika mlangoni, na akamwambia Tajudin kwa Kiganda kwamba safari hii hampunguzii hata senti. Tajudin alicheka hadi machozi.

Furaha hiyo iliishi hadi kizuizi cha njia ya Jinja. Askari hakupiga saluti. Alizunguka basi mara mbili, akamwita ofisa wake. Ofisa alipanda, akafungua bomba la maji, akalifunga, akabonyeza godoro kwa kidole kando ya mguu wa Sabah.

"Mzee, hii nyumba mzuri sana," alisema. "Serikali inahitaji. Teremka."

"Afande, mke wangu hawezi kukaa wala kutembea. Ni mgonjwa."

"Basi teremsha yeye."

Aliteremshwa na askari wawili waliomshika kwapani na miguuni, mchana kweupe, mbele ya foleni ya magari, ushungi ukimvuka kichwani. Walimweka kwenye nyasi kando ya barabara. Tajudin aliona mvi za mkewe zikipeperuka mbele ya wanaume wa barabara nzima, na alihisi kama yeye ndiye aliyevuliwa nguo. Ofisa akaona shati mkononi mwa Sabah.

"Hii nini?"

"Shati la kijana," alisema Sabah kutoka chini.

"Kijana mwenyewe iko wapi?"

"Hilo," Sabah alimjibu, akimtazama machoni, "ningekuuliza wewe."

Askari mmoja akatazama viatu vyake. Ofisa akacheka kidogo bila furaha, akapanda garini. Basi likakohoa, likanguruma, likageuka kurudi Kampala. Dereva wa lori la ndizi aliyeitwa Ochola aliwapakia baadaye, Sabah amelazwa juu ya mikungu, na aliendesha taratibu mno hadi mlangoni kwao, akakataa hata soda.

Mombasa hakwenda mtu. Mbambu alikuja kuwa mgeni wa kila Ijumaa. Alikaa kwenye mkeka kando ya kitanda cha Sabah, akamsuka nywele, wakazungumzia wana wao. Shati lilining'inia ukutani.

Ilikuwa Ijumaa ya namna hiyo, alasiri, Tajudin akimkatia mteja kitambaa, barabara ilipoanza kukimbia. Watu waliingia dukani kwake kwa kishindo, wanafunzi, wachuuzi, Dawudi na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa.

"Muzeeyi, ggalawo oluggi!" Dawudi alipiga kelele. Funga mlango! Na wote wakamwambia hivyo, kwa Kiganda, wakimsukuma kama mtu wa kwao.

Hakufunga. Alikuwa amesikia kikohozi. Basi lilipita polepole mbele ya duka, la kijivu, na kila dirisha lilikuwa na pazia jeusi. Upepo uliinua pindo moja, na chini yake kulikuwa na mawimbi ya uzi wa zambarau.

Mbambu alimpita mlangoni akitoka nyumba ya ndani, miguu mitupu. Alikimbia katikati ya barabara iliyokwisha kuwa tupu, akalifuata basi akipiga ubavu wake kwa kiganja, mahali palepale, chini, usawa wa sanduku. Alijua lilipo. Alikwisha kuweka mdomo wake pale.

"Faustino! Faustino!"

Basi halikusimama. Tajudin, ambaye hajawahi kumshika mkono mwanamke asiye wake, alimfuata, akamshika mkono, akamrudisha. Dawudi akawapisha, akamwambia Mbambu kwa upole, "Yingira, nnyabo," ingia, mama, na ndipo mlango ukafungwa. Wakasimama gizani kati ya jora za kitambaa, wakihema, watu wa mtaa mzima.

"Baba Farouk," Sabah aliita kutoka chumbani. "Lile si letu?"

Hakuweza kumdanganya. "Ni letu."

"Mapazia yamefungwa?"

"Yote."

Sabah alilia. Alilia kwa sauti, bila kujifunika, mbele ya wanaume wote waliokuwa dukani mwao, na hakuna aliyemwambia anyamaze.